Mama Akitengana na Mwanawe Mchanga, Maziwa Yasikatike



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyemuumba mja ndani ya tumbo la mamake na kumwekea riziki yake kifuani kabla hajaweza kuiomba. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baada ya hayo:

Wasomaji wetu watukufu, juma hili tunazungumzia jambo ambalo wanaume wengi hudhani ni la akina mama peke yao, na akina mama wengi hudhani ni la kudra tu. Nalo ni maziwa ya mama aliyetenganishwa na mwanawe mchanga. Jambo hili hutufikia kwa sura nyingi. Yuko mama aliyejifungua kabla ya miezi kutimia. Yeye amerejeshwa nyumbani na mtoto amebaki hospitalini katika chombo cha joto. Yuko mama aliyelazwa kwa maradhi, na mtoto yuko kwa nyanyake. Na yuko mwalimu, muuguzi au karani ambaye likizo yake ya uzazi imekwisha, naye ameanza kuondoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni.

Sura ni nyingi, lakini hukumu inayotolewa nyumbani aghalabu ni moja: "Maziwa yamekatika, si riziki yake." Basi hununuliwa mkebe wa maziwa ya unga, na mlango ukafungwa. Sisi twasema kwamba riziki ni ya Mwenyezi Mungu, lakini Yeye Mwenyewe ameiwekea sababu. Mkulima hawezi kusema mahindi si riziki yake ilhali hakupanda. Maziwa ya mama hayakatiki kwa kuwa mtoto yuko mbali. Hukatika kwa kuwa yameachwa kifuani bila kutolewa. Tofauti hii ni ndogo kuitamka, lakini ndiyo inayoamua ikiwa mtoto atapata haki yake au ataikosa.

Wataalamu wa afya wanatueleza hivi. Titi si mtungi uliojazwa mara moja ukangojea kumiminwa. Mfano wake ni kisima: kadiri kinavyotekwa, ndivyo maji yanavyopanda. Mtoto anyonyapo, ubongo wa mama hutoa homoni mbili. Moja huitwa prolaktini, nayo huamrisha maziwa yatengenezwe. Ya pili huitwa oksitosini, nayo huyasukuma yatoke. Titi likitolewa maziwa, hutengeneza mengine. Likiachwa limejaa, lenyewe hupunguza kazi, na siku zikipita hali hiyo, hufunga kabisa. Kwa hiyo mtoto asipokuwapo kunyonya, mkono wa mama hauna budi kushika nafasi yake mpaka atakaporudi.

Na aanze mapema. Ikiwa mtoto amechukuliwa mara tu baada ya kuzaliwa, mama aanze kukamua ikiwezekana ndani ya saa 1, na kama hali haikuruhusu, ndani ya saa 6. Kisha aendelee mara 8 hadi 12 kwa kila mchana na usiku, yaani takriban kila baada ya saa 2 au 3. Usiku usiachwe, kwani prolaktini huwa nyingi zaidi wakati huo. Akihitaji kulala kwa muda mrefu kidogo, isipite saa 5 bila kukamua. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: mchana hukamua mara 3 au 4, usiku hulala moja kwa moja, na baada ya juma husema maziwa yamekwenda. Hayakwenda, hayakuitwa.

Siku za kwanza hutoka dang'a, yale maziwa ya mwanzo yaliyo mazito na ya rangi ya manjano. Hutoka kwa matone, na pengine hayajazi hata kijiko cha chai. Wapo wazee wetu waliozoea kuyamwaga wakidhani ni uchafu. Tunawasihi kwa heshima zote wasifanye hivyo. Dang'a ina kinga nyingi dhidi ya maradhi, na mtoto aliyezaliwa mdogo ndiye anayeihitaji zaidi. Kila tone lipelekwe. Maziwa mengi huanza kuingia baina ya siku ya 2 na ya 4, na kwa mama aliyepasuliwa au aliyejifungua kabla ya wakati yanaweza kuchelewa zaidi. Mama anayekamua kwa utaratibu tuliotaja hutarajiwa kufikia kiasi cha mililita 500 au zaidi kwa siku ifikapo mwisho wa juma la 2. Asikate tamaa, basi, kwa uchache wa siku ya 1.

Kukamua kwa mkono hakuhitaji fedha. Mama aoshe mikono kwa sabuni, na awe na chombo chenye mdomo mpana kilichooshwa na kuchemshwa. Akae kwa utulivu, aweke kitambaa cha uvuguvugu kifuani, kisha alipapase titi polepole. Aweke kidole gumba upande wa juu na vidole vingine upande wa chini, kama sentimita 2 au 3 nyuma ya chuchu. Asukume kuelekea mbavuni, abane, kisha aachie, na arudie hivyo akizunguka titi pande zote. Asivute chuchu wala asiteleze vidole juu ya ngozi, kwani hilo huumiza wala halileti maziwa. Maziwa yakipungua upande mmoja, ahamie wa pili, kisha arejee. Kazi yote huchukua kama dakika 20 hadi 30. Mwenye uwezo wa kupata pampu ya kukamulia aitumie, mradi imtoshe na isimuumize.

Moyo nao una sehemu yake. Oksitosini huzuiwa na maumivu, hofu na aibu, na huamshwa na utulivu na kumkumbuka mtoto. Ndiyo maana mama hukamua vizuri zaidi akiwa kando ya kitanda cha mwanawe, au ametoka sasa hivi kumwona. Akiwa mbali, aangalie picha yake au ashike nguo iliyomfunika. Madaktari wakiruhusu, ambebe kifuani ngozi kwa ngozi, kwani hilo humpa mtoto joto na humwongezea mama maziwa. Nasi tunakikumbuka kisa cha mamake Nabii Musa (a.s.) katika Surat al-Qasas. Aliamrishwa amnyonyeshe, kisha akalazimika kumtia mtoni kwa kumhofia, na moyo wake ukabaki mtupu. Musa akawakataa wanyonyeshaji wote mpaka dada yake alipowaelekeza watu kwenye nyumba ya mamake, akarudishwa kifuani pake. Mama aliyeachana na mwanawe kwenye mlango wa hospitali ajue kuwa huzuni yake imetajwa katika Kitabu, wala si udhaifu wa imani.

Tuje kwenye kuhifadhi, jambo linalohitaji hadhari katika joto letu la pwani. Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi hukaa salama hadi saa 4 mahali penye joto lisilozidi nyuzi 25. Vyumba vyetu hupita kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo ni bora yatumiwe mapema zaidi au yatiwe kwenye baridi papo hapo. Ndani ya friji hukaa hadi siku 4, yakiwekwa nyuma kabisa na si mlangoni. Yakigandishwa, ubora wake hudumu kiasi cha miezi 6. Safarini, chombo cha kuhifadhi baridi chenye vipande vya barafu huyaweka hadi saa 24. Yaliyoyeyushwa yatumiwe ndani ya siku 1 wala yasigandishwe tena. Yapashwe kwa kuweka chupa ndani ya maji ya uvuguvugu, si juu ya moto. Yakijitenga na mafuta kupanda juu, hayajaharibika. Yazungushwe taratibu yachanganyike. Na kama mtoto yuko hospitalini, kanuni za wauguzi wake ndizo zifuatwe, kwa kuwa mtoto mgonjwa huhitaji tahadhari kubwa zaidi.

Sasa tuyajibu maswali ya dini tunayoulizwa mara kwa mara.

La kwanza ni la twahara. Maziwa ya mwanamke ni twahara. Yakimwagika kwenye nguo, nguo ile huswaliwa. Kukamua hakutengui udhu katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, wala hakufunguzi swaumu. Na katika Ramadhani, mama anayekamua ili kumlisha mwanawe ana ruhusa ile ile ya mama anyonyeshaye. Akihofia afya yake, au kumpungukia mtoto, ale na alipe baadaye; na ikiwa hofu yake ilikuwa ni ya mtoto peke yake, pamoja na kulipa atoe fidya ya kibaba kwa kila siku.

La pili ni la arubaini. Mavyaa humwambia mkaza mwana, "Mwanangu, bado uko arubaini, hutoki mlangoni." Tunaujua wema ulio nyuma ya maneno haya: mzazi anastahili kupumzika, kukandwa na kupikiwa. Lakini nifasi humzuilia mama swala na swaumu. Haimzuilii kwenda kumlisha mwanawe. Ada ya kumstarehesha mzazi ni njema, na ikigongana na haki ya kichanga kilicho hospitalini, haki ndiyo hutangulia. Mavyaa na amsindikize, amfunike leso, amshikie kikapu cha chupa. Huko ndiko kumtunza.

La tatu ni la jicho na la maziwa kuchacha. Wengine huogopa kubeba maziwa mbele za watu. Hatukanushi husuda, lakini kinga yake ni dua na nyiradi, si kumnyima mtoto chakula. Funika chupa ukipenda, lakini ifike. Na wale wasemao kwamba maziwa yakilala kifuani kutwa huchacha, wanakosea. Maziwa hayaharibiki ndani ya titi. Mama aliyeshinda kazini hana haja ya kuyamwaga ya kwanza. Amnyonyeshe mwanawe pale pale afikapo nyumbani.

La nne ndilo linalotushughulisha zaidi, nalo ni la nasaba. Katika madhehebu yetu, mtoto aliye chini ya miaka 2 akinyonya maziwa ya mwanamke mara 5 kamili, huwa mwanawe wa kunyonya, na wana wa mwanamke yule huwa ndugu zake asioweza kuoana nao. Haijalishi ameyapata kwa titi, kwa kijiko au kwa mpira wa puani. Basi katika friji moja ya hospitali ambamo chupa za akina mama wengi zimepangwa pamoja, kuandika jina si usafi tu, ni kulinda nasaba. Tunawaomba wazazi waandike juu ya kila chupa jina la mama, jina la mtoto, tarehe na saa, na kila waipokeapo walisome jina kabla ya mtoto kulishwa. Miji yetu si mikubwa. Watoto wawili waliolala chumba kimoja cha hospitali leo huenda wakaposana baada ya miaka 25.

Kwa sababu hii hii, Baraza la Fiqhi la Kiislamu mjini Jeddah lilitoa uamuzi mwaka 1985 wa kuzuia kuanzishwa benki za maziwa katika nchi za Kiislamu, ingawa wapo wanazuoni walioona wepesi. Hapa kwetu Kenya benki ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa katika hospitali ya Pumwani, Nairobi, mwaka 2019. Inapohofiwa uhai wa mtoto, hukumu ya dharura ina nafasi yake, na wazazi wawaulize wanazuoni wao pamoja na daktari, na wapate kumjua mwenye maziwa na kuweka kumbukumbu. Lakini aliyehifadhi maziwa ya mama mwenyewe tangu siku ya 1, aghalabu huwa ameliepuka suala hili lote.

Sasa tunawageukia waume. Aya ya 233 ya Surat al-Baqara, iliyotaja miaka 2 kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kutimiza, haikuishia kwa mama. Papo hapo imemtaja baba, ikamwekea jukumu la chakula na mavazi ya mama kwa wema, na ikakataza mzazi yeyote kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe. Surat at-Talaq nayo imempa mama aliyeachwa haki ya kulipwa anyonyeshapo. Ikiwa sheria inamhimu hivi mama aliyeachwa, vipi aliye ndani ya nyumba yako? Basi mume aamke naye usiku mara moja amletee maji ya kunywa na chombo kilichochemshwa. Aoshe vyombo asubuhi. Atoe nauli ya kwenda hospitalini bila kuombwa mara mbili, na akiweza apeleke chupa mwenyewe. Na azuie maneno ya watu yasimfikie. Mwanamke anayeambiwa kila saa kwamba maziwa yake ni machache, maneno yale yenyewe humzuilia.

Kwa akina mama waliorudi kazini, wazijue haki zao. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia penye maji ya kunawa na chombo cha baridi, na ampe mama mapumziko kwa kazi hiyo, mbali na wakati wa chakula, yasiyozidi jumla ya saa 1 kwa kila saa 8 za kazi. Mama anayetoka saa 1 asubuhi na kurudi saa 11 jioni amnyonyeshe mtoto kabla ya kutoka, akamue kama saa 4, saa 7 na saa 10, kisha amnyonyeshe afikapo na usiku kucha atakapotaka. Aanze kuweka akiba majuma 2 kabla ya kurudi kazini. Nyanya anayebaki na mtoto atumie kikombe kidogo, amlishe polepole.

Na wako miongoni mwetu wenye maduka, shule na ofisi. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiingia katika swala akikusudia kuirefusha, kisha akisikia kilio cha mtoto akaifupisha, kwa kuwa alijua namna moyo wa mamake unavyotaabika. Ikiwa swala ilipunguzwa kwa ajili ya mama na mwanawe, ni mauzo gani ya duka yasiyoweza kungoja dakika 20?

Lipo pia neno zito kwa wanaopanga safari ya kazi za nyumbani Bara Arabu. Mikataba ya huko aghalabu ni ya miaka 2, ambao ndio muda uliotajwa katika aya. Hakuna pampu wala friji itakayoziba pengo hilo. Tunajua dhiki inayowasukuma watu, wala hatumhukumu yeyote. Tunaomba tu kwamba kabla mama wa mtoto mchanga hajapanda ndege, wanaume wa ukoo wakae chini wajiulize kama kweli wamekwisha kujaribu kila njia.

Maziwa yakipungua, isichukuliwe kuwa ndiyo mwisho. Mama aongeze mara za kukamua kwa siku 2 au 3, apumzike, ale na anywe vya kutosha. Uji, supu, uwatu na habasoda ni desturi zetu njema, lakini hakuna chakula kinachosimama badala ya kutoa maziwa. Na mwenye kutumia dawa, hasa za kisukari, amwulize daktari kabla ya kuzidisha uwatu. Aulize pia kuhusu vidonge vya kupanga uzazi, kwani vipo vinavyopunguza maziwa. Titi likivimba, likawa jekundu na homa ikapanda, asiache kutoa maziwa, na aende hospitali siku ile ile. Hata maziwa yaliyokwisha kukatika huweza kurudi, yote au sehemu, mtoto akiwekwa kifuani mara nyingi kwa siku na majuma.

Na yule aliyefanya yote haya na bado hayakutosha, asilaumiwe wala asijilaumu. Aya ile ile imesema kwamba nafsi haikalifishwi ila uwezo wake, na imeruhusu kumtafutia mtoto mnyonyeshaji mwingine. Mama huyu ametimiza. Lawama, kama ipo, ni yetu sisi tuliokuwa karibu naye tukaona chombo hakijachemshwa, nauli haijatolewa, na usiku ameachwa akae peke yake.

Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu walio hospitalini, awarudishe vifuani mwa mama zao, na atujaalie kuwa wasaidizi wao. Amin.

Wabillahi tawfiq.